Mtoto wa Kulea Akirudishwa, Nani Anamuuliza Hali?

Wamarekani wana neno walilokuwa wakilitumia kwa mbwa na paka: mwenye mnyama akichoka naye, humtafutia nyumba nyengine. Septemba 2013 shirika la habari la Reuters lilionyesha kwamba neno hilo hilo linatumiwa kwa watoto walioasiliwa, au watoto wa kupanga kama tulivyokuwa tukisema zamani. Waandishi wake walisoma matangazo 5,029 yaliyowekwa kwa muda wa miaka mitano katika kundi moja tu la Yahoo. Kwa wastani, kila wiki mtoto mmoja alikuwa akitangazwa. Wengi walikuwa wa miaka 6 hadi 14, na kwa uchache asilimia 70 walikuwa wametoka nchi za nje, kama Urusi, China, Ethiopia na Ukraine. Mdogo wao kabisa alikuwa wa miezi 10.

Nimefanya kazi ya ukarani maisha yangu yote, kwa hiyo kilichonishughulisha zaidi katika habari ile ni karatasi. Mtoto alikabidhiwa kwa watu wasiojulikana kwa hati ya uwakala, iliyotiwa saini mbele ya mthibitishaji. Ni aina ile ile ya hati tunayomwandikia ndugu aliyeko Unguja atusimamie shamba au atuuzie nyumba. Hakimu hakuiona, wala afisa wa ustawi wa jamii hakuiona. Yako makubaliano baina ya majimbo ya Marekani, yaliyoanza mwaka 1960, yanayotaka wakubwa wa pande zote mbili waarifiwe kabla mtoto hajapelekwa jimbo jengine kulelewa. Wazazi wale hawakumwarifu mtu, na mara nyingi hapakuwa na mtu aliyejua kwamba kuna la kuarifiwa.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Siku ya kumchukua mtoto, sheria ina macho makali. Nyumba hukaguliwa, alama za vidole huchukuliwa, mshahara huulizwa, polisi huulizwa, kisha hakimu hugonga muhuri na faili hufungwa. Kuanzia hapo mtoto yule ni sawa na aliyezaliwa humo, na serikali haina tena sababu ya kubisha hodi. Usawa huo ni heshima kubwa, na ulipiganiwa. Lakini mtoto aliyezaliwa humo ana bibi, ana ami, ana jirani aliyemuona akitambaa. Akipotea wiki mbili, mtu atauliza. Aliyeletwa kwa ndege kutoka Addis Ababa hana hata mmoja wa hao. Sheria imempa haki za mtoto wa kuzaliwa, ikasahau kumpa watu wa kumuulizia.

Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi una kifungu cha 21 kinachozungumzia mambo yakiharibika. Mtoto atolewe katika nyumba ile, atunzwe kwa muda, atafutiwe nyumba nyengine kwa kushauriana na nchi alikotoka, na kumrudisha kwao kuwe ni jambo la mwisho kabisa. Naye mwenyewe aulizwe, kwa kadiri ya umri wake. Maneno mazuri, ila yanamhusu mtoto ambaye kuasiliwa kwake hakujakamilika. Muhuri ukishagongwa, kifungu hicho hakimfikii.

Nchi zetu nyingi za Afrika zilijibu kwa kufunga mlango. Kongo ilisimamisha vibali vya watoto kutoka nchini Septemba 2013, Kenya ikasitisha kuasiliwa na wageni Novemba 2014, na Ethiopia ikapiga marufuku Januari 2018. Uganda palikuwa na uchochoro: mgeni aliomba korti amri ya ulezi tu, akaondoka na mtoto, na kumuasili akaenda kukufanya kwao. Sheria ya mwaka 2016 iliuziba kwa kusema kwamba ulezi wa namna hiyo ni wa raia wa Uganda. Agosti 2020 hata Marekani yenyewe iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda kwa tuhuma za rushwa katika biashara hiyo. Sizilaumu serikali hizo. Lakini mlango uliofungwa unamlinda aliyebaki ndani, na wale waliokwisha kuondoka hawakuandikiwa chochote.

Adam Crapser alitolewa Korea Kusini mwaka 1979 akiwa na miaka mitatu. Familia ya kwanza ya Marekani ilimtupa, ya pili ilimtesa, na katika wote hao hakuna aliyejaza fomu za uraia wake. Sheria ya mwaka 2000 iliwapa uraia walioasiliwa kutoka nje, ila si waliozaliwa kabla ya 27 Februari 1983. Mwaka 2016, akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, alirudishwa Korea, nchi ambayo hakuijua lugha yake. Fomu ambayo mtu mwengine hakuijaza ilimfukuza yeye.

Majimbo yameanza kutengeneza. Wisconsin mwaka 2014 ilizuia kutangaza watoto, na kumkabidhi mtoto kwa asiye ndugu kwa zaidi ya mwaka mmoja bila idhini ya korti. Arkansas ikafuata 2015, na mwaka 2021 ilitolewa sheria ya mfano ambayo majimbo yote yanaweza kuichukua. Kwa maoni yangu kuadhibu peke yake hakutoshi. Mzazi aliyeshindwa, akijua kwamba akisema atashtakiwa, atanyamaza, na gharama ya kunyamaza kwake ataibeba mtoto.

Sasa msomaji wa Maskati au Dubai atasema haya ni ya Wamarekani, sisi dini yetu haina kuasili. Kweli. Sura ya Al-Ahzab imeagiza watoto waitwe kwa baba zao, na badala yake tuna kafala: unamlea, unamsomesha, jina linabaki lake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20. Oman iliingia katika mkataba huo mwaka 1996, na Sheria ya Mtoto ya Oman ni ya mwaka 2014. Kenya nayo imeitambua kafala katika sheria yake ya watoto ya 2022. Naona kafala ina nguvu ambayo kuasili hakuna: mtoto hakukatwa kamba na kwao, kwa hiyo mambo yakivunjika pana njia ya kurudia.

Lakini tuseme kweli, wengi wetu hatufanyi kafala ya wizarani. Tunamleta mtoto wa dada kutoka Pemba kwa viza na kwa mdomo. Na kuna kafili wa aina nyengine, yule anayemdhamini mtoto huyo ukaazi wake hapa Ghuba. Kafili huyo akifa, au akipoteza kazi, au akigombana na mkewe juu ya mtoto "wa upande wake", ukaazi nao unakwenda. Namjua kijana aliyeletwa na khalati yake akiwa na miaka minne. Khalati alifariki yeye akiwa na kumi na tano. Hakuwa mrithi, hapakuwa na wasia, na warithi wa haki waligawana nyumba aliyokulia. Hakuna aliyemdhulumu, kila mtu alifuata sheria. Alirudishwa Unguja na sanduku moja, kwa mama ambaye alikuwa akimwamkia kwa simu tu.

Uingereza, ambako wengi tuna ndugu, ina kanuni ambayo watu wetu huiona ni fitina ya serikali: mtoto aliye chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye jamaa wa karibu, halmashauri lazima iarifiwe. Shangazi na khalati ni jamaa wa karibu kwa sheria hiyo, ila shangazi wa baba au mama si hivyo. Victoria Climbié aliletwa London kutoka Ivory Coast na shangazi wa namna hiyo kwa ahadi ya masomo, akafa kwa mateso Februari 2000, wa miaka minane. Ofisi nyingi zilimwona. Karibu hakuna aliyekaa naye akamsikiliza.

Wenye watoto wa kulea nyumbani waanze na karatasi zilizo ndani ya uwezo wao. Cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba yake, kisifungiwe katika sanduku la mtu mmoja. Maandishi ya wazazi wake mbele ya kadhi au korti, yakimtaja mlezi, na yakimtaja pia nani atampokea mlezi akifa au akishindwa. Kisha wasia, usiozidi thuluthi, maana mirathi haimfiki; au hiba angali hai. Na mtoto akishafika umri wa kuelewa, aonyeshwe karatasi hizo zilipo, na apewe namba ya simu ya mtu mzima mmoja asiyekaa katika nyumba ile.