Wito Haukaririwi

Kila mwaka vijana wanaojiandaa kwa usaili wa kuingia seminari kuu hutuuliza: "Frateri, wanauliza nini, na nijibu nini?" Swali la pili linanitia wasiwasi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 241, inamtaka Askofu apokee wale tu ambao, pamoja na vipaji na afya, wana nia njema. Nia haikaririwi. Jibu la kuazima laweza kukupitisha siku ile, lakini baadaye walezi watakuona kila siku kanisani, mezani na shambani. Ndugu yangu, sali, zungumza na paroko wako, sema hata mashaka yako. Nanyi wazazi, msiwafundishe watoto majibu ya kumpendeza gombera. Kijana asipopokelewa, mkaribisheni nyumbani bila kumwonea haya. Ndoa nayo ni wito.