NYUMBA ZETU: Vyoo Viwili, Ukuta Mmoja



Juma hili napenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, ingawa huwagombanisha majirani mara nyingi: vyoo viwili vilivyopakana, ambavyo kimoja kikivutwa maji kingine hulia au hufurika.

Mimi hukaa Eastleigh, katika nyumba iliyojengwa zamani kwa jamaa moja, na sasa tumo jamaa mbili, kila moja na choo chake. Nyumba nyingi za mtaa huu zimepatwa na mambo hayo: zilijengwa kwa watu wachache, baadaye zikagawanywa au kuongezwa ghorofa, na mabomba ya chini yakabaki yale yale.

Mwaka jana choo changu kilianza kulia kila jirani alipovuta maji yake. Kisha maji machafu yakapanda hadi sakafuni. Nilimwendea kwa ukali nikamwambia kwamba watoto wake hutupa matambara chooni. Naye akanijibu kwamba chake hulia vivyo hivyo nivutapo changu. Tangu siku hiyo hatukuamkiana, na watoto wetu walikatazwa kucheza pamoja.

Huo ulikuwa ujinga wetu sote wawili. Kila choo kina shingo iliyopindika, na ndani yake hubaki maji yapata sentimita 5 kwenda chini. Maji hayo ni kama mlango: huzuia uvundo wa mabombani usiingie nyumbani. Shingo ya namna hiyo ilipewa hati ya uvumbuzi mwaka wa 1775, aliyeombea akiwa Alexander Cumming, fundi wa saa mjini London. Basi vyoo viwili vikitumia bomba moja, maji ya kimoja yashukapo husukuma hewa mbele yake. Hewa isipopata pa kutokea, hupenya katika maji ya choo cha pili, na hiyo ndiyo sauti tuisikiayo. Na bomba likiziba, maji hupanda penye mdomo ulio chini zaidi. Kwa hiyo choo kifurikacho si lazima kiwe ndicho chenye kosa.

Kabla ya kuvunja sakafu, fanyeni hivi. Kwanza, fungueni shimo la ukaguzi lililo nje ya nyumba. Likiwa limejaa, kizuizi kiko mbele yake, kuelekea mtaani. Likiwa tupu, kizuizi kiko kati ya shimo na nyumba. Pili, fundi azibue kwa fimbo zake. Msimwage dawa kali, kwani hutuama bombani na huweza kumchoma. Tatu, njia ikiwa safi na choo bado chalia, tazameni bomba la hewa, ambalo yapasa lipande hadi juu ya paa. Nne, fundi apime mteremko: bomba la milimita 100 yafaa lishuke sentimita 1 kwa kila sentimita 40, na vyoo viungane kwa mshazari, si kwa kutazamana.

Kwetu shimo lilikuwa tupu. Fundi alitoa bombani mapande ya saruji yaliyonasa karatasi. Waliojenga chumba cha juu walikuwa wamelikata bomba la hewa na kuuziba mdomo wake, na saruji ikaanguka ndani. Hapakuwa na mtoto aliyetupa tambara.

Mabomba yaliyo ndani ya kiwanja ni juu ya mwenye nyumba. Yale ya mtaani ni ya Kampuni ya Maji ya Nairobi. Wapelekeeni habari mapema, maana maji hayo huweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo, na watoto ndio wachezao uani.

Jioni ile nilibisha hodi kwa jirani nikamwomba radhi. Alinitilia chai, akaniambia kwamba yeye naye alikuwa akijiandaa kunishtaki kwa mwenye nyumba.