Mbegu Moja Haitoshi Ufipa

Maharage ya Ufipa hayaliwi Ufipa peke yake. Baada ya mavuno magunia huteremshwa kutoka Sumbawanga na Namanyere hadi mwambao, na hapo Kabwe mashua huyapakia kwenda visiwa vya Kirando na Kipili, na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Mashua hizo hurudi na dagaa na migebuka. Biashara hiyo ni ya miaka mingi na sisi hatuna neno nayo. Tunalotaka kulisema leo linamhusu abiria asiyelipa nauli, asafiriye ndani ya magunia hayo.

Abiria huyo ni ukungu uletao ugonjwa wa chule. Mkulima anaufahamu hata kama hajui jina lake: mishipa ya jani hugeuka kuwa myekundu iliyoiva na kisha myeusi kwa upande wa chini, na maganda hutoboka vidonda vya mviringo vilivyobonyea. Mvua ikinyesha, matone huurusha kutoka shina hili hadi shina lile. Ukiingia ndani ya punje, hukaa humo ukingoja kupandwa. Shamba lililopandwa mbegu yenye chule, katika mwaka wa mvua na baridi, laweza kupoteza mavuno yote.

Ziwa liko kwenye kimo cha mita 770 hivi, na Sumbawanga iko juu zaidi ya mita 1,600. Chule hupenda baridi ya juu, haupendi joto la pwani ya ziwa. Hapo ndipo penye hadaa. Mtu wa kisiwani huweza kuzipanda punje hizo zenye doa asipate madhara makubwa, akadhani mbegu yake ni safi, naye akamgawia jamaa yake aliye mlimani. Ng'ambo nako, nyuma ya Moba, kuna milima ya Marungu yenye baridi kama ya kwetu. Ukungu uliotoka Nkasi waweza kufika huko, na wa huko waweza kuja kwetu, bila ya yeyote kukusudia ubaya.

Lakini kwa nini tuuhofu ukungu wa jirani na hali wetu tunao? Kwa sababu ukungu huu si mmoja. Ulielezwa mara ya kwanza huko Ujerumani katika miaka ya 1870, na mwaka 1911 mtaalamu wa Marekani aitwaye Barrus alionyesha kwamba maharage yanayohimili chule ya mahali pamoja huangamizwa na chule ya mahali pengine. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakizihesabu koo zake, nazo hazijaisha. Hutumia aina 12 za maharage, kila moja ikiwa na namba yake, kuanzia 1, 2, 4, 8, hadi 2,048. Ukungu hujaribiwa juu ya zote, na namba za zile zilizoshindwa hujumlishwa. Jumla hiyo ndiyo jina la ukoo. Ukoo unaozishinda zote 12 huitwa 4,095. Ukoo huo watafiti wamekwisha kuutaja nchini Uganda. Miongoni mwa aina zilizoshindwa ni ile yenye asili ya Mexico ambayo ndugu zetu wa Rwanda huiita Umubano, iliyosifiwa kwa muda mrefu kwa ukinzani wake.

Basi anaposimama mkubwa jukwaani na kuwaambia wananchi waache mbegu zao wachukue "mbegu bora", tunamwuliza kwa heshima: bora mbele ya ukoo upi? Hatuibezi kazi ya Uyole, wala ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Uyole 84, Uyole 96, Njano-Uyole, na ile SUA 90 ni matunda ya jasho la wataalamu wetu wenyewe. Tunachokikataa ni tabia ya kuchukua aina moja iliyofanya vizuri kwingine na kuimwaga wilaya nzima. Mbegu moja ikijaa bonde zima, ukoo mmoja unaoijua siri yake unatosha kulimaliza bonde hilo.

Wazee wetu hawakuzijua hizo namba 12. Walichokijua ni kuchanganya: nyekundu, njano, zenye mistari, kubwa na ndogo, katika shamba moja, na mpaka leo wakulima wengi wa nchi za Maziwa Makuu hufanya hivyo. Mfipa naye alifukia majani katika matuta yake ya intumba na kupanda maharage juu yake, na mabaki yaliyofukiwa na kuoza hayalei ukungu kama yale yaliyoachwa juu ya ardhi. Siku hizi tunawacheka wazee hao kwa sababu soko linataka gunia la rangi moja. Soko lina haki ya kuchagua chakula chake. Gunia la mbegu ni jambo jingine.

Dawa ya kupaka mbegu ipo, lakini tusidanganyane, mwenye ekari moja hainunui.

Tunashauri hivi. Kabla mgawo mwingine wa mbegu haujafanywa, Maafisa Kilimo wa Sumbawanga, Kalambo na Nkasi wakusanye maganda yenye chule kutoka kila tarafa, katika bahasha za karatasi, yapelekwe Uyole na Morogoro kupimwa juu ya aina zile 12. Matokeo yasomwe katika mikutano ya vijiji kwa lugha ambayo watu wataielewa. Vikundi vya wakulima vinavyozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa vipewe aina tatu au nne, isiwe moja. Na pale gatini Kabwe pawekwe mtu mmoja tu, mwenye meza na sampuli ya punje zenye madoa, awaonyeshe wasafiri wa visiwani na wa ng'ambo namna ya kuchambua za kupanda na za kupika. Zile za kupika wapike. Chule haimdhuru mlaji. Kazi hiyo ianze mwezi wa Januari, kwa kuwa Februari majembe ya Ufipa yatakuwa yamekwisha kuingia ardhini.