Patasi ya babu si pambo, ni kazi

Kijana wa Marafa akitaka kazi ya mjengo, mara nyingi hushuka Malindi au Watamu. Mwenye bahati hubeba mfuko wa vifaa vya babu yake: nyundo, patasi, mwiko, timazi na uzi. Akifika, swali la kwanza linaweza kuwa: cheti kiko wapi?

Nyundo hurithiwa kwa urahisi. Mpini ukivunjika, unatia mwingine. Ujuzi ndio haurithiwi hivyo. Unaupata kwa kukaa kando ya fundi, ukisikia jiwe linavyolia kabla ya kupasuka. Na mjengo wa leo hauna muda huo. Ni bloku za mashine, simenti, nyumba iishe haraka.

Sasa tuangalie Gede, hapo karibu na Watamu. Julai 2024, UNESCO iliutia mji huo wa kale katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaburi moja huko lina tarehe inayolingana na mwaka 1399. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Zamani chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni, kisha kuyamwagia maji.

Kwa nini usitie simenti tu? Kwa sababu ukuta wa chokaa unapumua: unyevu unaingia, unatoka. Ukiuziba kwa simenti, maji na chumvi hubaki ndani, na jiwe huanza kumung'unyuka. Tena pengo kwenye ukuta wa kale halina vipimo vya bloku. Jiwe la kulijaza lazima lichongwe kwa mkono, polepole, hadi likae.

Kwa hiyo kazi ipo. Swali ni nani ataifanya wazee wakiondoka. Majengo hayasubiri: Zanzibar, Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa.

Tuambiane ukweli, Gede pekee haiwezi kuajiri vijana wote wa Magarini. Lakini kuta za aina hiyo zipo pia Malindi, Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu, na zote zitahitaji matengenezo mwaka baada ya mwaka.

Kuhusu cheti, mlango upo. NITA hutahini waashi kuanzia Gredi ya 3 hadi ya 1, na Kenya ina mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Fundi anapimwa kwa anachojua, si kwa shule aliyosoma. Ila mpango huo utamfaa kijana wa Marafa endapo tu kazi ya chokaa na matumbawe itahesabiwa kuwa fani kamili. Na kila kandarasi ya kukarabati jengo la kale ingepaswa kumlazimisha mkandarasi achukue wanagenzi wa hapa hapa Kilifi. Bila hivyo, pesa za urithi zitapita tu barabarani tukiziangalia.

Nawe kijana, kabla vifaa vya babu havijauzwa kwa kilo kama chuma chakavu au kutundikwa ukutani hotelini, mwombe kitu kimoja: achonge jiwe moja mbele yako. La pili uchonge wewe, naye akukosoe.