Harusini Unatoa Laki, Nyumba ya Sanaa Unamwachia Mfadhili

Nimechoka. Nimechoka kusikia watu wazima wa Iringa na Mbeya, wenye mashamba, wenye maduka, wenye mishahara, wakisema kituo cha sanaa hakiwezi kuendelea kwa sababu hakina mfadhili.

Hakina mfadhili? Wewe ni nani? Umezaliwa Kihesa, umekulia Mlandege, umejenga Ipogolo, halafu unajitoa kwenye hesabu kana kwamba hupo? Shilingi yako haina nguvu mpaka ipitie ubalozini kwanza?

Fungua simu yako, ndugu yangu. Hesabu makundi ya WhatsApp ya michango uliyomo leo. Harusi ya mtoto wa jirani. Sendofu ya binti wa mwenzako kazini. Kicheni pati. Kipaimara. Kadi ya singo elfu 50, ya dabo laki moja, na katibu wa kamati anabandika orodha kila asubuhi, jina lako lipo na mbele yake hakuna kitu. Unatoa. Huna, unakopa, unatoa. Kisha kamati inakutana wiki mara mbili, mweka hazina anasoma mahesabu, na shughuli ikiisha mnakutana tena kuvunja kamati, mnakula, mnapongezana.

Silaumu harusi. Nasema tu kwamba mkono wa kutoa tunao. Usinidanganye kwamba hatuna.

Tuingie ukumbini basi. Bibi harusi anaingia, mbele yake kikundi cha ngoma kinamsindikiza. Vijana wanapiga mpaka jasho linawatiririka. Shangazi zako wanalia kwa furaha, mama mkwe anapiga vigelegele, wewe umeinua simu unarekodi. Umewahi kujiuliza wale vijana wanafanyia mazoezi wapi? Nani aliwafundisha? Ngozi ya ngoma ikipasuka, nani anaiwamba?

Nitakujibu. Wanafanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule ya msingi, mpaka siku mwalimu mkuu atakapowafukuza. Wanafanyia chini ya milingoti. Mvua za Mbeya zikianza mwishoni mwa mwaka, mazoezi yamekufa mpaka kiangazi. Aliyewafundisha ni mzee ambaye hajalipwa hata nauli, na anayewamba ngoma amebaki mmoja kata nzima, macho yake hayaoni vizuri tena. Wewe umeburudika. Umetunza noti mbili ukumbini, umeondoka. Umelala.

Mcheza kwao hutunzwa. Hivyo walisema wazee. Sisi mcheza kwao tunamwambia aandike andiko la mradi.

Mnalijua jengo la Boma pale Iringa mjini. Wajerumani walilijenga mwaka 1900 liwe hospitali ya askari wao. Baadaye likawa ofisi za serikali. Mwaka 2016 lilifunguliwa kama makumbusho na kituo cha utamaduni, baada ya kukarabatiwa na mradi wa Fahari Yetu chini ya Chuo Kikuu cha Iringa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Kazi nzuri, na walioifanya wana heshima yangu yote. Lakini tazameni orodha hiyo. Mjerumani alilijenga kwa haja yake. Mlipa kodi wa Ulaya akalikarabati kwa ajili yetu. Zamu yetu ni lini? Katika miaka zaidi ya 100 ya jengo lile, wewe mkazi umechangia bati lipi, balbu ipi?

Neema Crafts nayo ipo palepale Iringa. Ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na watu wenye ulemavu wakajifunza kufuma na kutengeneza mpaka karatasi za kinyesi cha tembo. Mgeni anatoka Ulaya anapaulizia. Mwenyeji wa mji anapita nje miaka nenda rudi, hajui ndani kuna nini. Kisha ikaja corona mwaka 2020, ndege zikasimama, na nchi nzima wachongaji, wafumaji na wachoraji wakajifunza kwa njaa maana ya kutegemea mnunuzi mmoja anayeishi ng'ambo. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Je, mtegemea cha mtu asiye hata ndugu?

Mkidhani natishia nyau, tazameni Zanzibar. Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na kuifanya Ngome Kongwe ijulikane duniani, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu fedha za wafadhili hazikutimia. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanza mwaka 2002 na kuwafundisha vijana taarabu, ganuni na fidla, mwaka 2019 kilisimama hadharani kikisema kinakaribia kufunga milango kwa sababu misaada ya nje imekauka. Zanzibar hiyo! Kisiwa chenye watalii, chenye hoteli kila ufukwe. Kama wao walitikisika, kikundi chako cha Uyole kitashikilia nini?

Mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, shirika lililokuwepo tangu 1961. Dawa za wagonjwa ziliguswa. Mishahara ya wahudumu wa afya iliguswa. Mtu aliyeweza kukata fedha ya dawa atakumbuka ngoma yako ya Rungwe? Amka, mwenzangu. Simlaumu hata kidogo. Fedha ni ya wananchi wake, na wananchi wake wana haki ya kuamua iende wapi. Wewe fedha yako umeamua iende wapi?

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo panaponiuma.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikufa mwezi Julai mwaka 1898. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliandika kabisa, katika ibara ya 246, kwamba fuvu lake lirudishwe. Halikurudi. Vita Kuu ya Pili ikaja, ikapita. Ni mwaka 1954 ndipo gavana Mwingereza, Edward Twining, alipolitafuta katika makumbusho ya Bremen, likapatikana miongoni mwa mafuvu mengine mengi, akalileta Kalenga na kumkabidhi Chifu Adam Sapi. Miaka 56! Mgeni alilichukua, mgeni alilihifadhi, mgeni aliamua lini lirudi. Wahehe walichoweza kufanya ni kusubiri.

Mtaniambia hiyo ilikuwa enzi ya ukoloni, walinyang'anywa kwa bunduki. Kweli. Basi nitajieni bunduki iliyotunyang'anya ligombo.

Ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi, akafika kwa Wahehe, akarekodi. Kumbukumbu za kazi yake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika ya ILAM, mjini Makhanda, Afrika Kusini. Mtoto wa Kalenga akitaka kujua babu wa babu yake alivyopiga, sauti ipo Afrika Kusini. Hakuna aliyetupokonya. Tuliacha. Aliyelipia mtambo ndiye aliyepata sauti, na aliyelipia chumba ndiye anayeitunza mpaka leo.

Na bado tunaacha. Tunaacha ngoma ya kiduo. Tunaacha ngoma za Wanyakyusa. Mama wa Iringa anayefuma kikapu cha milulu anauza kwa dalali, kikapu kinakwenda kupamba sebule ya Ulaya, na binti yake hataki kujifunza kwa sababu hajaona mtu wa hapa akikithamini. Wafinyanzi wa Kikisi kule Ziwa Nyasa wanapeleka vyungu mnadani Matema, na sisi Mbeya mjini tunanunua sufuria za Kichina, kisha jioni tunaketi kulalamika kwamba vijana wamepoteza utamaduni. Walikabidhiwa wapi? Kwenye nyumba ipi?

Mbeya, jiji lenye watu zaidi ya laki 5 kwa Sensa ya 2022, nikishuka Kabwe nikamuuliza bodaboda anipeleke nyumba ya sanaa ya wananchi, atanipeleka mtaa gani?

Nimeona vituo vinavyokufa. Havifi kwa kishindo. Kwanza mlinzi anakosa mshahara miezi mitatu, anaacha kuja. Spika zinaibwa. Kisha LUKU inaisha na hakuna wa kununua umeme, mazoezi ya jioni yanakoma. Mwalimu wa ngoma anakwenda kulima, maana ana watoto. Vijana waliokuwa wanakuja saa 10 jioni wanatafuta pa kwenda, na mnajua pa kwenda ni wapi: vijiwe vya kubeti, vilabu vya komoni. Mwaka wa pili chumba kimepangishwa kuwa stoo ya mbolea. Na siku hiyo hakuna kilio, hakuna matanga, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na senti yake mle ndani.

Sasa msije mkaniitia harambee. Sitaki harambee. Harambee tunaijua: mgeni rasmi, ahadi kubwa kwenye kipaza sauti, utepe unakatwa, jiwe la msingi lina jina la mheshimiwa, na mwezi unaofuata hakuna wa kulipa bili ya maji. Kuta tunajua kuzisimamisha. Kinachotushinda ni Februari ya mwaka wa nne, wakati hakuna kamera wala mgeni rasmi. Nyumba ya sanaa inaishi kwa mchango unaorudi kila mwaka, mdogo, wa uhakika, wa watu wengi.

Chukueni kalamu. Manispaa ya Iringa ina watu zaidi ya laki 2. Watu 2,000 tu, kila mmoja shilingi 20,000 kwa mwaka. Hizo ni milioni 40. Mlinzi wa laki 3 kwa mwezi anakula milioni 3.6. Walimu wawili wa laki 4 kila mmoja, milioni 9.6. Umeme na maji laki moja na nusu kwa mwezi, milioni 1.8. Jumla milioni 15. Zimebaki milioni 25 za kodi ya pango, ngozi, mbao, rangi na nauli ya mzee kutoka kijijini aje afundishe. Elfu 20 kwa mwaka! Haifiki nusu ya kadi ya singo.

Na msiniambie watu wetu hawajitolei kwa kitu cha mji wao. Mwaka 2013 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu, ikiwa timu changa iliyoanzishwa mwaka 2011, na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya 3, nyuma ya Azam na Yanga. Nani aliwaambia mashabiki wapande mabasi kuifuata? Nani aliwalipia? Walijilipia wenyewe kwa sababu waliiona ni yao. Kumbe tunaweza.

Najua unachotaka kusema. "Wataila." Jibu langu ni hili: fedha ya harusi mbona hailiwi? Kwa sababu unasimama kwenye kikao unauliza. Unataka risiti ya mchele. Unataka kujua kwa nini keki imezidi bei. Uliza hivyohivyo! Fedha inaliwa pale mchangiaji anapotoa mara moja kisha akageuza mgongo mwaka mzima.

Na ninyi viongozi wa vituo, msijifiche nyuma ya hasira yangu kwa wananchi. Mfadhili mnamwandikia ripoti nene kwa Kiingereza, yenye picha za rangi na majedwali. Jirani mnayepakana naye ukuta mmemwandikia nini? Mmewahi kubandika mlangoni ukurasa mmoja wa Kiswahili: tumepata hiki, tumetumia hiki, kimebaki hiki? Mnamtaka achangie nyumba ambayo hajawahi kualikwa hata kunywa chai? Mmewazoea wakubwa wa mbali mkawasahau wenye mji.

Serikali? Serikali ina wajibu wake, na maofisa utamaduni wapo kila halmashauri. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni tangu 1962. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unakopesha wasanii. Ni jambo jema, lakini mkopo hurudishwa, na mlinzi wa kituo hawezi kulipwa kwa deni. Idai serikali, idai kwa sauti kubwa. Ila ukiwa umetoa cha kwako, sauti yako itasikika zaidi.

Basi tufanye kazi. Mahindi yakishavunwa na kuuzwa, viazi vya Uporoto vikishapanda malori, mpunga wa Kyela na Mbarali ukishakobolewa, ndio msimu wa kutoa, maana ndipo mkono una kitu. Agosti. Iwe Agosti kila mwaka, isihame. Kwa Iringa, nendeni kwenye kituo mnachokijua, mtake akaunti yenye watia saini watatu, mmoja awe mchangiaji wa kawaida asiye msanii wala kiongozi. Mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga asiwe na kisingizio: atoe mbao. Asiye na elfu 20 atoe debe la mahindi, mwalimu ayale. Kwa Mbeya, msisubiri jengo. Pangeni chumba kimoja Soweto au Iyunga, wekeni mlango wenye kufuli imara, mwiteni mzee anayejua kuwamba ngoma kabla macho hayajamwisha, na vijana watano wa kumsaidia na kujifunza. Majina ya waliotoa na kiasi walichotoa yabandikwe nje ya mlango. Kwa wasiotoa, kamati ipite nyumba kwa nyumba kama inavyopita na kadi za harusi.