King'ora kisikabidhiwe mashine

Kazi yangu ni kusoma taarifa za hali ya hewa redioni hapa Unguja. Wavuvi wengi hawanijui kwa sura, wananijua kwa sauti. Nikisema bahari imechafuka, ngalawa hazishuki. Ndiyo maana akili mnemba inanitia hofu: rekodi zangu zimejaa mtandaoni, na kipande kifupi tu chatosha kwa programu kuniigiza nikitangaza kuwa bahari ni shwari. Tahadhari ya uongo huwakimbiza watu. Shwari ya uongo huwazamisha.

Sipingi mashine. GraphCast ya Google DeepMind, iliyotangazwa 2023, hutoa utabiri wa siku kumi kwa chini ya dakika moja, kwenye mashine moja. Kwa ndugu zetu wa Komoro, waliopigwa na Kimbunga Kenneth Aprili 2019, kasi hiyo ni neema.

Ila kutabiri ni kazi moja, kutangaza ni nyingine. Januari 13, 2018, huko Hawaii, mfanyakazi mmoja aliwatumia watu onyo la kombora ambalo halikuwepo; kulikanusha kwa njia ileile kulichukua dakika 38. Baada ya hapo ndipo ikaamriwa watu wawili wathibitishe. Aprili 2017, mjini Dallas, mdukuzi aliwasha ving'ora 156 usiku kwa mawimbi ya redio tu. Akili mnemba haikuhusika popote. Tukiitia kwenye mifumo isiyo na komeo kama hiyo, balaa litakuja mbio zaidi.

Tonga nayo ina la kutufunza. Mlipuko wa volkano wa Januari 15, 2022 ulikata mkongo wa baharini, na nchi ikakaa takriban wiki tano bila huo mkongo. Mfumo unaotegemea kompyuta za ng'ambo ungewafaa nini siku hizo?

Basi mashine ipendekeze, maofisa wawili waidhinishe. Kila tahadhari ibebe saini ya kidijitali, na sisi watangazaji tusiisome kabla ya kuihakiki kwa kupiga simu kwenye namba tunayoijua. Masheha, redio za mawimbi na vipaza sauti vya misikiti vibaki kazini. Na muuzaji wa mfumo asilipwe hata senti mpaka intaneti izimwe makusudi, siku nzima, na tahadhari ya majaribio iwafikie wavuvi wa diko la mbali kabisa.