Neema ya Bahasha

Wasee, najua mathe atasoma hii, kwa hivyo pole mapema, Mathe. Lakini nimechoka.

Kila nikiweka video ya kuuliza kitu kuhusu kanisa, lazima mzee fulani anitumie ujumbe: "Kijana, Mkristo huongea kwa neema." Haya, tuongee kuhusu neema. Mimi naona tumeigeuza kuwa kifunga mdomo. Anayeambiwa apunguze sauti ni kijana, ni mama asiye na bwana, ni yule wa kufulia watu nguo. Mwenye bahasha sijawahi kusikia akiambiwa.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, Jumapili iliyofuata mhubiri alishika maiki akaanza na vijana wavivu, ati Mungu aliwafungulia mlango wakaufunga wenyewe. Jina hakutaja. Angetaja ya nini, na kanisa ni chumba cha mabati tunajuana wote? Mathe alikuwa kando yangu, anakunja leso, anakunjua, anakunja tena. Hakuna mzee aliyemfuata mhubiri nje kumkumbusha neema. Na huku Silanga neno halibaki liliposemewa. Ukuta ni bati moja, hata ukikohoa jirani anakupa pole. Kufika jioni, kwenye foleni ya mitungi ya maji, nilikuwa nishapewa jina: Mlango.

Kampeni za 2022, madhabahu ileile. Mgombea amekuja amechelewa, amepewa kiti cha mbele, akawachambua wapinzani wake kwa mafumbo mpaka watoto wakaelewa ni kabila gani. Tukasema amina. Na mwaka mmoja kabla, Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikuwa ameshawakataza wanasiasa kuhutubia kwenye madhabahu za Kianglikana. Yetu ilibaki wazi kama stendi.

Hapo ndipo naudhika zaidi, kwa sababu Kibera tunajua neno linaweza kufanya nini. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa Kenya, na hapa kwetu reli iling'olewa. Januari 2022 seneta wa Meru wakati huo, Mithika Linturi, alikamatwa kwa kusema "madoadoa" kwenye mkutano Eldoret. Liangalie hilo neno. Halina tusi. Unaweza kulisema ukitabasamu, kwa sauti ya kwaya. Lakini wa Bonde la Ufa akilisikia anakumbuka nani alifukuzwa. Kwa hivyo msiniambie neema ni sauti ya chini.

Halafu mnapenda kunitupia Wakolosai sura ya nne. Someni basi yote. Paulo anaandika akiwa amefungwa. Si mtu aliyenyamazia wakubwa ili aishi vizuri. Anazungumza kuhusu watu walio nje ya kanisa, wale tunaowapigia spika saa kumi na moja asubuhi wakiwa wamelala baada ya zamu ya usiku. Na anataka tujue namna ya kumjibu kila mtu. Kujibu, wasee! Maana yake kuna mtu ameuliza. Mimi siku ile sikuwa nimeuliza kitu.

Kuna watakaosema Yesu pia aliita watu nyoka. Aliwaita Mafarisayo, waliokuwa na viti vya mbele, na aliwaambia usoni. Yule mwanamke wa kisimani, mwenye waume watano, alianza kwa kumwomba maji. Sisi tumepindua: nyoka ni wa benchi la nyuma, maji ni ya mheshimiwa. Tena ya chupa.

Kuna mama mmoja wa kuuza omena ambaye wiki ile alinipita njiani, akarudi, akaniuliza, "Umekula?" Basi. Chuo hakukitaja. Huyo hajawahi kupewa maiki.

2027 inakuja na bahasha zimeshaanza kupita. Mimi nitakuwa benchi la tatu, kando ya mathe, simu ikiwa na chaji. Mgombea akianza mafumbo yake nitasimama nimuulize kwa adabu anamaanisha nani. Na nyinyi wazee wa neema, siku hiyo ujumbe muutume kwake.